Aliyemfungulia Mlango: Toleo la Kwanza la The Punisher Lisomwapo Igogo

Neno kuadhibu katika Kiswahili halimkalii kila mtu. Mzazi huadhibu, mwalimu huadhibu, hakimu huadhibu, na juu yao wote Mwenyezi Mungu huadhibu. Lakini jirani hamwadhibu jirani. Jirani akimrudishia mwenziwe ubaya aliotendewa, twasema amelipiza kisasi. Maneno yote mawili, adhabu na kisasi, tumeyapokea kutoka Kiarabu, nasi tukayagawia kazi mbalimbali: la kwanza lataka mamlaka, la pili lataka jeraha tu. Ndiyo maana mfasiri anayewekewa mezani kitabu cha katuni kiitwacho The Punisher hukwama kabla hajalifungua jalada. Akiandika "Mwadhibu", amekwisha kumpa shujaa huyo mamlaka ambayo hadithi nzima inayabishania. Akiandika "Mlipiza Kisasi", amemvua.

Mimi niliwekewa kitabu hicho na kijana mmoja wa hapa Igogo, jijini Mwanza, mwenye kibanda cha kuonyeshea filamu. Alilipata toleo la kwanza katika lundo la vitabu chakavu, limekatika pembe, akataka nimfasirie ili alisimulie kwa sauti mbele ya wateja wake, kwa mtindo wa wale wafasiri wa filamu ambao Lufufu aliwapatia sifa nchi nzima. Jina la Kiswahili alikwisha kulipanga mwenyewe: "Sungusungu wa Marekani." Nililikataa papo hapo. Hata hivyo lilinisumbua kwa siku kadhaa, kwani ndani yake mlikuwa na swali ambalo wahakiki wengi wa Kimarekani, waliokwisha kuandika mengi juu ya shujaa huyu, hawana namna ya kuliuliza.

Tulitazame toleo lenyewe. Lina tarehe ya Januari 1986, limetolewa na Marvel ya New York, maneno ni ya Steven Grant, michoro ni ya Mike Zeck, na wino ni wa John Beatty. Jalada lasema kwamba ni la kwanza kati ya manne. Yalitoka matano, tukajua kuwa wahariri wa huko nao hukosea hesabu. Shujaa wake, Frank Castle, hakuzaliwa humo. Gerry Conway alimtunga mwaka 1974, katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man, akamleta kama adui wa kupita njia. Baadaye tukaambiwa asili yake: ni askari aliyetoka vitani Vietnam, ambaye mkewe na watoto wake wawili waliuawa katika bustani ya Central Park kwa sababu walishuhudia genge likiua, naye akaapa kuwamaliza wahalifu wote kwa bunduki yake.

Mwaka huo huo wa 1974 Elvis Musiba alitutolea Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaanza kufumua watu kwa ngumi na risasi katika Kiswahili safi. Wawili hawa ni marika, lakini si ndugu. Gamba ana serikali nyuma yake. Akiua, ameua akiwa kazini. Hata Lance Spearman, yule bwana wa kofia na sigara ambaye kaka zetu walimsoma katika jarida la picha la African Film, alitembea bega kwa bega na polisi. Castle hana ofisi, hana kitambulisho, hana mkubwa wa kumpelekea taarifa. Ana kidonda na bunduki.

Kwa nini Marvel ilimpa kitabu chenye jina lake baada ya miaka kumi na miwili ya kumtembeza katika vitabu vya wengine? Tuikumbuke New York ya wakati ule. Desemba 1984 mtu aitwaye Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi, akidai kuwa walitaka kumpora, na watu wengi wakamshangilia. Juni 1987 baraza la mahakama lilimfutia shtaka la kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kubeba bunduki kinyume cha sheria. Castle aliingia sokoni katikati ya makofi hayo.

Jalada, lililopakwa rangi na Phil Zimelman juu ya mchoro wa Zeck, linauza kile kilichotakiwa na wapiga makofi: mwanamume wa nguo nyeusi, silaha mkononi, na kifuani fuvu jeupe ambalo meno yake ndiyo mkanda wa risasi. Ukifungua ndani, hata hivyo, Grant amefanya jambo nisilolitarajia katika hadithi za namna hii, na kwangu ndilo linaloliinua toleo hili juu ya wenzake wote waliofuata. Shujaa yumo gerezani.

Tena gereza la kisiwani: Ryker's Island, lililoigwa kutoka Rikers ya kweli ya mjini New York. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kuvushwa maji na kufungiwa ng'ambo. Kisiwa cha Changuu kilijengewa gereza katika miaka ya 1890, kikaishia kuwa karantini ya wagonjwa, lakini jina la gereza halijambanduka hadi leo midomoni mwa watalii. Sisi wa Ziwa tunao wa Butimba, gereza la nchi kavu, na kila aliyepeleka chakula cha ndugu pale anajua kwamba ukuta nao ni aina ya maji.

Humo ndani Castle anakutana na wale wale aliokuwa akiwawinda. Yupo Jigsaw, mhalifu ambaye Castle ndiye aliyemharibu uso, na uso huo sasa umeshonwashonwa kama kanga iliyochanika. Wapo wakuu wa magenge na vibaraka wao. Mtu aliyejifanya hakimu analala ukuta mmoja na mahabusu wake, anakula chakula chao, anachungwa na askari wale wale. Kwa kurasa kadhaa mpaka kati ya "mimi" na "wao" unafifia, na msomaji anaanza kujiuliza kama kuna tofauti yoyote zaidi ya ile anayoidai Castle mwenyewe. Zeck analisaidia swali hilo kwa mkono wa ufundi. Anajua kuchora uzito; mtu akianguka katika picha zake, unaisikia sakafu. Na kwa kuwa wote ni wazito sawa, wote huanguka sawa.

Kisha yanafuata mambo ambayo msomaji wa hadithi za upelelezi atayakisia: wakubwa wa magenge wanapanga kutoroka, Castle anaizuia njama yao, damu inamwagika. Haya nayapita. Linalofuata ndilo lenye uzito. Mkuu wa gereza, badala ya kumrudisha mfungwa wake selo, anamfungulia njia. Na hafanyi hivyo kwa huruma. Nyuma yake kuna kundi la watu wenye fedha na vyeo, linalojiita The Trust, ambalo limependezwa na kazi ya Castle na linataka aendelee nayo kwa msaada wao.

Hapa yeyote aliyelelewa na tenzi lazima amkumbuke Fumo Liyongo. Naye alifungwa. Naye alitoka. Lakini alitokaje? Kijakazi Saada alibeba ujumbe uliofichwa ndani ya shairi. Mama akaoka mkate wa wishwa na ndani yake akatia tupa. Watu wakacheza gungu nje kwa matari na pembe, Liyongo akiwaongoza kwa nyimbo kutoka ndani, na kelele zao zikaifunika sauti ya chuma kikikatwa. Muhammad Kijumwa, aliyeitunga hadithi hiyo katika utenzi mwaka 1913, alielewa kwamba kutoroka kwa shujaa ni hadithi ya wale waliomtorosha. Mama, kijakazi, umma wa wachezaji: hao ndio wenye Liyongo. Kwa hiyo hata alipouawa kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, msiba ulikuwa wa mji mzima.

Castle hana mama wa kumwokea mkate, wala hakuna anayepiga tari nje ya ukuta. Anatolewa kwa saini ya matajiri. Grant analijua hilo, nadhani, na kwa ustadi analitandika mbele yetu bila kulitolea hotuba: mtu anayeamini kwamba hana bwana amekwisha kupata bwana kabla toleo la kwanza halijaisha. Huo ndio ukali wa kitabu hiki. Bunduki zipo katika kila katuni ya siku zile. Mlango unaofunguliwa na mtu asiyestahili kuufungua, huo haukuwamo.

Lina doa, nalo ni doa kubwa. Mwaka 1983, katika hadithi ya Spider-Man iliyomfikisha Castle kizimbani, waandishi wengine walimwonyesha akiwafyatulia risasi watu kwa makosa madogo kabisa, kama kutupa takataka njiani au kutojali taa za barabarani. Grant aliona kwamba shujaa wa namna hiyo hauziki, hivyo katika toleo hili anatuambia kuwa Castle alikuwa amelishwa dawa za kumvuruga akili. Amemwosha. Nami nasema alimwosha pale ambapo palikuwa pa kweli kuliko pote. Mtu mmoja anayebeba sheria mkononi hana mizani. Leo anamuua muuaji, kesho anamuua mwizi, keshokutwa aliyemkanyaga mguu. Hakuna dawa inayohitajika kumfikisha huko. Yatosha kwamba hakuna wa kumwambia basi.

Nazungumza hivi kwa sababu naishi Igogo. Mtaa wetu umepanda mlima wa mawe, nyumba zimekaa moja juu ya bega la nyingine hadi karibu na kilele, na chini ni ziwa. Ukelele wa "mwizi!" ukitoka juu husikika hadi ufukweni, na katika dakika chache watu ambao jana hawakusalimiana wanakuwa mkono mmoja. Magazeti yetu yana ibara ya kudumu kwa yanayofuata: marehemu alishambuliwa na wananchi wenye hasira kali. Ibara hiyo haina jina la mtu hata mmoja. Mara nyingi marehemu ni kibaka, na mali yenyewe ni simu, au kuku, au nguo iliyokuwa kambani. Asubuhi nimepita mahali nikaona jivu la tairi na waya zake, watoto wanaliruka wakienda shule. Kwa hiyo nikisoma kwamba aliyeua kwa sababu ya takataka lazima alikuwa amelishwa dawa, nauliza: na sisi tulilishwa nini?

Sasa lile jina la kijana wangu. Sungusungu wa asili ni mdudu mweusi aumaye, atembeaye kwa misafara. Mmoja peke yake si kitu. Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha ulinzi wao mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Kahama, Nzega na Shinyanga, hawakulichagua jina hilo bure. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe na ujambazi ukazidi, na polisi walikuwa wachache na mbali. Vijiji vikajichagulia viongozi, vikala kiapo, vikashika pinde na mishale, na kila mwanamume akapaswa kuitika mwano, yaani ule ukelele wa hatari, apate asipate usingizi. Aliyekamatwa aliulizwa mbele ya watu. Adhabu iliyoogopwa kuliko zote, kwa kadiri nilivyosimuliwa na wazee, haikuwa mshale. Ilikuwa kutengwa: usisalimiwe, usiombwe wala usipewe moto, usizikiwe.

Tazama tofauti. Castle anaanza kazi yake kwa kupoteza jamaa. Sungusungu anaanza kwa kuwa na jamaa. Adhabu ya Castle ni kumtoa mtu duniani. Adhabu ya kutengwa inatambua kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya salamu za wenzake, ikamnyima hizo. Mshairi yeyote ataona ni ipi iliyo na fikra ndani yake.

Lakini nisijifanye wakili. Sungusungu hao hao walishiriki katika baadhi ya maeneo kuwafukuza vikongwe walioshukiwa uchawi, na nchi hii ya Ziwa imezika wanawake wengi wazee ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, yaliyowiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia. Umma nao unaweza kulishwa dawa. Wingi wa mikono hauitakasi damu. Huifanya tu iwe vigumu kumjua aliyeimwaga. Kwa hiyo katika jambo hili Castle ana sifa moja ambayo wananchi wenye hasira kali hawana: anajulikana kwa jina, ameketi gerezani kwa alichokifanya, na mwanzoni mwa toleo hili bado hajalikataa jambo hilo.

Kuna kisa cha sheria kinachostahili kutajwa. Katika mwaka ule ule wa 1986 Alan Moore na Dave Gibbons walianza kutoa Watchmen, nayo pia ni hadithi ya watu waliojichukulia sheria mkononi. Humo Moore alibuni sheria ya Marekani, ya mwaka wa kubuni 1977, inayowapiga marufuku watu hao isipokuwa wanaoitumikia serikali. Sisi tulikwenda njia nyingine, tena si katika katuni. Serikali na chama vilikuwa vimekwisha kuwaunga mkono sungusungu, hata pale polisi na mahakama zilipokuwa na mashaka. Na mwaka 1989 Bunge likabadilisha sheria za mgambo, likawapa uwezo wa kukamata. Baadaye mijini, Igogo ikiwamo, ulinzi huo ukawa wa zamu na michango, na vijana wa doria wakawa wanalipwa na kaya. Ni mlango ule ule wa Ryker's, umefunguliwa na mkono mwingine. Kwetu aliyeufungua alipigiwa kura, na risiti ya mchango ninayo mimi mwenyewe katika saraka; naweza kumwendea mwenyekiti wa mtaa na kumuuliza kijana fulani alimpiga nani na kwa nini. Nimewahi kwenda. Sikupewa jibu la kuridhisha, lakini nilipewa kiti.

Kwa hiyo "Sungusungu wa Marekani" halifai, na halifai kwa sababu nzuri kuliko niliyokuwa nayo siku ya kwanza. Hakuna sungusungu mmoja. Nikaandika "Mlipa Kisasi", si "mlipiza", kwa kuwa kuna kulipa ndani yake: mtu huyu anadaiwa, na katika toleo hili la kwanza anaonekana anajua kwamba anadaiwa. Nimeambiwa jina hilo haliiti wateja. Na iwe hivyo.

Juu ya fuvu sitakaa sana. Conway alilichora dogo. John Romita akalikuza likajaza kifua chote, na tangu hapo limeishi maisha yake mbali na hadithi. Askari wa Marekani walilivaa Irak, polisi wa huko wakalibandika kwenye magari yao, na Januari 6, 2021 lilionekana kwa waliovamia Bunge la nchi hiyo. Conway mwenyewe amelalamika kwamba mlinzi wa sheria hana haki ya kuvaa alama ya mvunja sheria, na katika toleo moja la 2019 Castle anaichana alama hiyo ya polisi mbele yao. Mwaka 2022 Marvel ililibadilisha fuvu. Hapa Igogo nimeliona kwenye tangi la bodaboda, pembeni mwa dua ya safari, na mwenye bodaboda hakujua ni la nani. Alilipenda tu kwa sababu linacheka.

Matoleo yaliyofuata yanalijibu swali la The Trust kwa haraka kupita kiasi: kumbe nao wanatengeneza jeshi lao la waadhibu, kwa kuwavuruga wafungwa akili. Dawa tena! Toleo la tano halikuandikwa na Grant wala halikuchorwa na Zeck, na pengo linaonekana. Msomaji mwenye muda mchache asome la kwanza tu.

Lililonichosha zaidi katika kulifasiri halikuwa ngumi wala matusi. Lilikuwa jina la lile kundi. Trust ni nini kwa Kiswahili? Udhamini ni neno la benki, imani ni la msikitini na kanisani, uaminifu ni sifa ya mtu. Nilijaribu yote, kisha nikarudi kwa neno la bibi zetu: amana. Amana ni kitu cha mwenyewe ulichowekeshwa, nawe hukitumii, hukigawi, hukifungulii mlango, mpaka mwenyewe aje akidai. Mfungwa ni amana iliyowekwa na mahakama kwa mkuu wa gereza. Katika tafsiri yangu, mkuu wa gereza anapoitoa amana hiyo usiku, anawakabidhi watu ambao nao wanajiita Amana, na herufi kubwa ndiyo tofauti pekee niliyoweza kuwapa.